Leza ya mkononi na magnesiamu: mafundi wa Lubumbashi wajue haya

Tangu mashine za kuchomelea za leza za mkononi zianze kupitia mpaka wa Kasumbalesa hadi garaji za komini zetu za Kenya, Katuba na Kampemba, sisi wa ukaguzi wa kazi tunapokea malalamiko ya majirani. Hatuna nia ya kumfungia mtu atelie yake. Kwa AZ31 na AZ91, yaani aloi za magnesiamu, leza inafaa sana: joto hukaa mahali padogo, kipande hakipindi, na gesi ya argoni ikifunika mshono juu na chini, kazi hutoka safi.

Ila si kila chuma chepesi ni aluminiamu, ndugu mafundi! Kabla ya kuchomelea kifuniko cha bwati ya vitesi, kwangua unga kidogo, udondoshee siki. Ukitoa povu papo hapo, ni magnesiamu.

Kisha ondoeni hizo ndoo za maji mnazoweka kwa kuzimia moto. Magnesiamu inayowaka huyanyang'anya maji oksijeni, ikabaki hidrojeni inayolipuka. Kizimamoto cha gesi ya kaboni hakisaidii, kwani magnesiamu huwaka hata ndani ya gesi hiyo. Weka mchanga mkavu, na mkavu si ule ulionyeshewa jana ukaanikwa asubuhi, au kizimamoto cha aina D, yaani cha moto wa metali.

Kuhusu macho, tunajibiwa kila siku kwamba kofia ya arki inatosha kwa kuwa kioo chake ni cheusi. Haitoshi. Mwali wa leza hizi, wa nanomita 1070 hivi, hauonekani, na hata ukirudi kutoka kwenye kipande king'aacho huunguza retina. Miwani iwe imeandikwa urefu huo wa wimbi pamoja na OD (kiwango cha kuzuia mwali) 6 au zaidi.

Sasa utaratibu. Kanuni ya Kazi, Sheria namba 015/2002, inamruhusu mkaguzi kuingia bila kutoa taarifa, hata patroni asipokuwepo. Kwanza huandika maoni, halafu ilani yenye muda wa kurekebisha. Muda ukipita, huandika proseverbali (taarifa rasmi ya kosa), nayo hupelekwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kulipa amande (faini) hakufuti wajibu wa kurekebisha. Ajali itangazwe CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na mwajiri, hata aliyeumia akiwa mwanafunzi wa ufundi. Kumwita "mtoto wa nyumbani tu" hakubadilishi kitu. Na amande hailipwi mkononi mwa mkaguzi: anayeidai hivyo, mwombe oda ya misheni yake (karatasi ya kutumwa kazini), andika namba yake, uilete ofisini kwetu.