Kadi iko tupu, simu inasema imejaa

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote kuhusu memori kadi si kwamba imeharibika. Ni kwamba mtu ameweka kadi ya GB 64, kadi yenyewe iko karibu tupu, na bado simu inakataa kusakinisha programu ikidai nafasi imekwisha. Mwenye simu anaona ameuziwa kadi feki. Mara nyingi kadi ni nzima na simu inaiona vizuri. Tatizo ni kwamba simu ina nafasi za aina mbili, na kadi imeongeza ile ambayo haikuwa imepungua.

Ukichomeka kadi bila kugusa mipangilio yoyote, Android huihesabu kama kitu cha kupita, ambacho mwenyewe anaweza kukichomoa saa yoyote. Kwa hiyo hukubali kuweka humo faili tu: picha, video, nyimbo, nyaraka. Programu na data zake hubaki kwenye hifadhi ya ndani. Hapo simu haifanyi ukaidi. Kadi nyingi hutoka dukani zikiwa na mfumo wa faili, yaani namna ya kupanga faili ndani ya kadi, wa FAT32 (zile za hadi GB 32) au exFAT (kubwa zaidi), na mifumo hiyo miwili haina habari na ruhusa. Haiwezi kusema kwamba faili fulani ni la programu ya benki na michezo isilisogelee. Hifadhi ya ndani hutumia ext4 au F2FS, ambayo inajua kila faili ni la nani. Kuiweka programu yenye nywila zako kwenye FAT32 ni kuiacha wazi kwa kila mpita njia.

Android yenyewe imeyumba sana katika jambo hili. Toleo la 2.2, mwaka 2010, liliruhusu sehemu ya programu kuhamia kwenye kadi. Toleo la 4.4 mwaka 2013 likakaza kamba: programu za watu wengine zikazuiwa kuandika kwenye kadi nje ya folda zao, na watu wengi wakaona programu zao za kupanga faili zimekufa ganzi. Mwaka uliofuata, toleo la 5.0 likalegeza kwa kumruhusu mtumiaji atoe idhini ya folda moja moja. Kisha mwaka 2015 likaja toleo la 6.0 na jambo jipya kabisa, nalo ndilo ninalotaka kulikalia hapa: uwezo wa simu kuimeza kadi na kuifanya sehemu ya hifadhi yake ya ndani.

Kwenye simu zinazoruhusu, ukichomeka kadi mpya utaulizwa uitumie kama hifadhi ya kuhamishika au kama hifadhi ya ndani. Ukichagua ya ndani, simu hufuta kila kilichomo, hufomati kadi upya kwa mfumo ule ule unaojua ruhusa, kisha husimba kadi nzima, yaani huigeuza isisomeke, kwa ufunguo wa siri unaotunzwa ndani ya simu. Baada ya hapo inaweza kukuuliza kama uhamishe data zako. Ukikubali, picha na faili zako zinahamia kwenye kadi, pamoja na programu ambazo watengenezaji wake wameruhusu zihamishwe. Si zote zinazoruhusu. Zile zinazotakiwa kuwa macho simu inapowaka tu, kama saa za kengele, kibodi, na zenye vidirisha kwenye skrini ya mwanzo, kwa kawaida hubaki ndani.

Neno zito katika aya iliyopita ni ufunguo. Uko kwenye simu. Hauko kwenye kadi, na hauko kwenye akaunti yako ya Google. Kadi iliyomezwa ukiichomeka kwenye kompyuta utaambiwa haijafomatiwa, na utaulizwa kama unataka ifomatiwe (usikubali). Kwenye simu nyingine ni vivyo hivyo. Watu huja kwangu na simu iliyokufa ubao mkuu, wakiwa wametulia kabisa, kwa sababu wanajua picha ziko kwenye kadi. Kama kadi ilikuwa ya kuhamishika, wana haki ya kutulia: naichomoa, nanakili, yamekwisha. Kama ilikuwa imemezwa, kadi ile ni bahari ya herufi zisizosomeka, na njia pekee ya kuzipata picha ni kuifufua simu yenyewe.

Hata kurejesha mipangilio ya kiwandani kunatosha kuleta msiba. Mtu anafuta simu ili iwe nyepesi, akiamini kadi haikuguswa. Kweli haikuguswa, ila ufunguo umefutwa. Fundi akikuambia kwamba ana programu ya kufungua kadi ya namna hiyo, muulize ufunguo ataupata wapi.

Sasa kasi. Hapa ndipo maandishi ya kwenye pakiti yanapowapoteza watu. Kadi imeandikwa megabaiti 100 kwa sekunde, na mnunuzi anadhani simu yake itapaa. Namba hiyo ni ya kusoma faili moja kubwa kwa mfululizo, tena katika mazingira mazuri kabisa. Programu hazisomi hivyo. Unapofungua programu ya ujumbe, simu inachota vipande vidogo vidogo, kwa kawaida vya kilobaiti 4, kutoka huku na kule: kidogo kwenye hifadhidata, kidogo kwenye picha za wasifu, kidogo kwenye mipangilio. Na huku inasoma, huku inaandika.

Chama kinachosimamia viwango vya kadi hizi kililiona hilo, na mwaka 2016 kikaweka daraja la A1 kwa ajili ya programu. Kadi ya A1 inatakiwa kumudu angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande hivyo kwa sekunde. Zidisha mwenyewe: vipande 1,500 vya kilobaiti 4 ni kama megabaiti 6 kwa sekunde, na kwa kuandika ni megabaiti 2 tu. Hiyo ndiyo kadi iliyothibitishwa kwamba inafaa kubeba programu! Isiyo na alama ya A yoyote haijaahidi hata hayo. Daraja la A2 linapanda hadi 4,000 na 2,000, lakini linahitaji simu yenyewe ijue kupanga foleni ya maagizo na kutumia akiba ya kadi. Simu isiyojua huitumia A2 kama A1, wakati mwingine hata chini ya hapo, kwa hiyo usilipie A2 kwa ajili ya simu kongwe.

Hifadhi ya ndani ya aina ya UFS, iliyo kwenye simu nyingi za daraja la kati na la juu, husoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kadi hufanya kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana simu iliyomeza kadi ya polepole inaweza kuganda sekunde kadhaa unapofungua picha wakati programu zinajisasisha. Simu nyingi huipima kadi zinapoimeza, na kama ni ya polepole hutoa onyo. Watu hulipita onyo hilo kwa kidole kimoja, kisha wanalalamika kwamba simu imezeeka.

Kwa video, hadithi ni tofauti kabisa. Video ya 4K ya picha 30 kwa sekunde kwenye simu nyingi hutumia karibu megabiti 50 kwa sekunde, ambazo ni kama megabaiti 6 (baiti moja ni biti nane). Kadi ya daraja la 10, ambayo ahadi yake ni megabaiti 10 kwa sekunde za kuandika mfululizo, inaibeba. Alama za U3 na V30, zenye ahadi ya megabaiti 30, ni ziada nzuri, lakini mwenye simu ya kawaida hapaswi kukosa usingizi kwa ajili yake. Kadi ile ile inayokwama ikibebeshwa programu hubeba video bila jasho. Ni kama ghala na jiko: ghalani unaingiza gunia zima mara moja, jikoni unachota kijiko kila dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watu wengi ni kuiacha kadi iwe ya kuhamishika, kisha kuhamishia huko vitu vizito vilivyotulia ili hifadhi ya ndani ipumue. Anza na kamera: kwenye mipangilio yake chagua kadi kama mahali pa kuhifadhi. Kisha nenda kwenye programu za muziki na filamu. Spotify na Netflix kwenye Android zote zinakuruhusu kuchagua kadi kwa ajili ya vitu ulivyopakua, na mara nyingi hapo ndipo gigabaiti zinapojificha. Mwisho, picha na video za zamani. Nakili kwanza, fungua chache kwenye kadi uhakikishe zinafunguka, ndipo ufute za ndani.

WhatsApp ina shingo ngumu. Haitoi chaguo la kuhifadhi picha na video zake kwenye kadi ya kuhamishika. Unaweza kuzinakili kwa mkono, lakini ukizifuta ndani, mazungumzo yatakuonyesha picha ukungu zisizofunguka. Dawa yake iko kwenye mipangilio yake yenyewe: zima upakuaji wa kiotomatiki, kisha tumia sehemu ya kusimamia hifadhi, inayopanga mazungumzo kwa uzito. Video za makundi ndizo zitakazokuwa juu, karibu kila mara.

Nani basi aimeze kadi? Mwenye simu ya GB 8 au 16, ambayo mfumo wenyewe umeshakula nusu au zaidi, na anahitaji programu ambazo haziwezi kuingia kwa njia nyingine. Huyo achukue kadi nzuri ya A1, ahakikishe picha zake zina nakala mahali pengine, na asiichomoe kadi simu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu programu zilizo humo zitatoweka au kubaki ikoni za kijivu hadi irudi. Simu ikiwa na GB 64 na kuendelea, sioni sababu.

Simu nyingine hazitakuuliza kabisa. Samsung ilipopokea toleo la 6.0 iliamua kutoonyesha chaguo hilo. Kuna amri za kuandikwa kutoka kwenye kompyuta ambazo huilazimisha simu, na mitandaoni zimejaa. Mimi sizifanyi kwenye simu ya mteja. Mtengenezaji hakuupima mpangilio huo, na sasisho moja linaweza kuufanya usisomeke. Pia angalia trei kabla ya kununua kadi: simu nyingi za laini mbili zina tundu ambalo laini ya pili na kadi hugombania, hukai navyo vyote. iPhone haijawahi kuwa na tundu la kadi.

Kadi feki zinastahili aya yake. Hazifanyi kazi kama watu wanavyodhani, yaani kukataa tu. Kidhibiti cha ndani kimechezewa kiiambie simu kuwa kadi ni ya GB 256 ilhali chembe za kumbukumbu ni za GB 8. Utaweka picha, utaziona majina na hata vijipicha vidogo. Nafasi halisi ikishajaa, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea kimya, na utagundua wiki nyingi baadaye. Usiikague kwa kuangalia ukubwa unaoonyeshwa, kwa sababu ndiyo namba iliyoghushiwa. Ijaze yote kisha uisome yote: kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux kuna F3, zote hufanya hivyo hivyo na hazilipiwi. Inachukua muda, iache ifanye kazi ukiwa umelala. Ila kadi halisi ya GB 64 kuonyesha karibu 59.6 kwenye kompyuta ni kawaida, ni tofauti ya namna ya kuhesabu gigabaiti. Usirudi dukani kugombana kwa hilo.

Kadi huchakaa kwa kuandikwa, na nyingi zinapokaribia mwisho hujifunga zenyewe zisomeke tu. Dalili yake huwachanganya watu: unafuta picha, unawasha simu upya, picha zimerudi. Unafomati, inasema imekamilika, na kila kitu bado kipo. Hakuna virusi hapo na hakuna programu ya kuitibu. Nakili kilichomo siku hiyo hiyo wakati bado inasomeka, nunua nyingine, na ile ya zamani ikatwe kwa mkasi kabla ya kutupwa. Kadi ya kuhamishika kwa kawaida haisimbwi, na hiyo haifutiki tena, kwa hiyo atakayeiokota ataziona picha zako zote kama unavyoziona wewe.