Kinachoendelea ndani ya seli mtu anapoacha pombe

Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akiacha, ndugu hutegemea atatulia. Badala yake mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi haupo, na wasiwasi unampanda bila sababu anayoweza kuitaja. Wengi husema hana nia ya kweli. Kauli hiyo inawaumiza wagonjwa wetu bure, kwa sababu sehemu ya hali hiyo inatoka kwenye kiini cha seli za ubongo.

Humo, DNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya urithi, imejiviringa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kijiti. Uzi ukilegea, jeni, yaani kipande cha DNA chenye agizo fulani, husomeka. Ukikaza, jeni hunyamaza. Kinacholegeza ni kemikali ndogo, asetili, inayobandikwa kwenye histoni. DNA yenyewe haibadiliki. Mabadiliko ya namna hii ndiyo huitwa ya kiepijenetiki.

Ini likiivunja pombe, hutoa asetati, nayo husafiri na damu hadi kwenye ubongo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba asetati hiyohiyo huishia kwenye histoni ikiwa asetili. Panya waliozuiwa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoipeleka huko hawakujenga mazoea ya kupenda mahali walipopewa pombe.

Pombe ikikatika ghafla, mambo hugeuka. Katika panya, vimeng'enya vinavyobandua asetili huzidisha kazi kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Jeni ya nyuropeptidi Y, kitulizo cha ubongo wenyewe, husomwa kidogo, na hofu hupanda. Vimeng'enya hivyo vilipozuiwa kwa dawa, wasiwasi wa panya ulipungua. Kwa binadamu, dawa ya aina hiyo bado haijawa tiba ya kawaida.

Habari njema ni kwamba baadhi ya alama hizi za asetili hurudi kuelekea kawaida mtu akiendelea kuacha. Dalili nazo haziishi zote kwa pamoja: kutetemeka huisha kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, ila usingizi mbovu na hamu ya pombe vinaweza kuendelea kwa miezi. Anayerudia kunywa katika kipindi hicho anahitaji matibabu zaidi, si kufukuzwa.

Ila anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Degedege huweza kuja saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa hatari, yaani kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, kati ya siku ya 2 na ya 4. Vyote vinaweza kuua. Mwone daktari kabla ya kuacha, umwambie unakunywa kiasi gani, ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama umewahi kupata degedege.