Mchezaji anayezunguka hapimi ubunifu wako

Picha ya kivuli cha mchezaji anayezunguka bado inapita kwenye magrupu: ukimwona anazunguka kulia, eti unatumia ubongo wa kulia na ni mbunifu, kushoto, huna kipaji. Si kweli. Kivuli hakioneshi mguu upi uko mbele, kwa hiyo ubongo hujichagulia upande. Ziba kiwiliwili, tazama nyayo tu. Wengi humwona akibadili mwelekeo.

Kinachochanganya ni nusu ya ukweli: kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto. Ubunifu hutumia pande zote mbili, na si wa wenye kipaji maalumu tu. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wa ubunifu huwauliza watu wa kawaida, mara kadhaa kwa siku, kama wanabuni chochote, hata kukaza mpini uliolegea kwa kipande cha mpira. Ukitumiwa picha hiyo, usiisambaze.