Akaunti ya mwanachama: kujisajili, kuingia na ruhusa kwenye tovuti ya kikundi

Kikundi kikipata tovuti, swali la kwanza la wanachama huwa "tunajisajili wapi?" Fundi anaweka fomu, anaweka ukurasa wa kuingilia, kazi inahesabiwa imeisha. Miezi michache baadaye kuna akaunti za watu ambao hakuna anayewafahamu, mwanachama mmoja ana akaunti tatu, na katibu amerudi kwenye daftari lake la karatasi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mambo matatu tofauti yamefungwa fungu moja. Kuna kuwa mwanachama, kuna kuthibitisha kwamba anayeingia ni wewe kweli, na kuna kuruhusiwa kufanya jambo fulani ukishaingia.

Nitaeleza kwa mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa karibu kila ukoo Tanzania una mtu aliye kwenye VICOBA au kikundi cha aina hiyo, na kwa kuwa palipo na pesa kosa la mfumo huonekana mapema.

Uanachama hautoki kwenye tovuti. Unatoka kwenye katiba ya kikundi: mtu anadhaminiwa, anajadiliwa mkutanoni, analipa kiingilio, jina linaandikwa. Tovuti inachoweza kutoa ni akaunti tu, yaani njia ya mtu kufika kwenye taarifa zake. Kwa hiyo fomu ya kujisajili isimpe mtu uanachama. Imsaidie aliye mwanachama tayari kuunganishwa na mstari wake wa daftarini, na imruhusu asiye mwanachama kutuma ombi likasubiri mkutano. Hizo ni njia mbili, na fomu iulize mapema kabisa: "Je, wewe ni mwanachama?" Akijibu ndiyo, anaombwa namba yake ya uanachama. Akijibu hapana, anaandika jina, simu na majina ya wadhamini wake, kisha anaambiwa waziwazi kwamba ombi lake litajadiliwa kwenye mkutano ujao. Watu hawakasiriki kusubiri wakijua wanasubiri nini.

Namba ya uanachama ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu jina peke yake halitoshi. Daftarini ameandikwa "Mama Neema", kitambulisho chake kina majina matatu ambayo nusu ya kikundi hawajawahi kuyasikia, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mumewe. Pwani na Visiwani unaweza kukuta akina Fatuma Juma wawili katika kikundi cha watu thelathini. Fomu nyingi zilizonakiliwa kutoka nje zina kisanduku cha jina la kwanza na kisanduku cha jina la ukoo, na mtu anayetumia jina lake, la baba na la babu anabaki kubahatisha. Weka kisanduku kimoja, "Jina kamili", na kingine kisicho cha lazima, "Jina unalojulikana nalo kikundini". Katibu akiona hivyo viwili pamoja na namba ya uanachama, anamtambua mtu kwa haraka.

Sasa simu. Kwa wanachama wengi namba ya simu inafaa kuwa jina la kuingilia kuliko barua pepe, ambayo wengi walifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu na hawajaifungua tena. Lakini namba ina mitego. Mtu huyohuyo leo ataandika inayoanza na 07, kesho ataanza na +255, keshokutwa 255 bila alama ya kujumlisha, na mfumo usiojua kwamba zote ni namba moja utamfungulia akaunti tatu. Hapo ndipo zinapotoka zile akaunti za ziada. Mfumo upokee namba kwa namna yoyote mwanachama anavyoiandika, uondoe nafasi na sifuri ya mwanzo, kisha uihifadhi kwa umbo moja: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, halafu namba yenyewe. Usibandike 255 kwa kila mtu pia. Mwanachama aliyehamia Nairobi ana 254, wa Kampala 256, na aliyeko Muscat 968.

Mtego wa pili ni kudhani namba ndiyo mtu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mwingine. Kuna wahalifu wanaohamisha laini ya mtu kwenda kadi yao. Kuna simu moja inayotumiwa na mama na binti yake, na wote wawili ni wanachama. Kwa hiyo ndani ya hifadhidata kinachomtambulisha mtu daima kiwe namba ya uanachama. Simu iwe taarifa inayoweza kubadilishwa. Na kubadilishwa huko kupite kwa katibu anayemjua mwanachama kwa sura, maana anayeweza kubadilisha namba ya akaunti ameshaichukua akaunti yenyewe.

Kuingia ni uthibitisho, na uthibitisho unategemea kitu unachokijua, kama nenosiri, au kitu ulicho nacho mkononi, kama simu inayopokea msimbo wa mara moja. Kwa mwanachama wa kawaida anayefungua tovuti mara moja kwa mwezi kuangalia hisa na marejesho yake, mimi ningechagua msimbo kwa meseji kila anapoingia. Nenosiri la kutumia mara moja kwa mwezi litasahaulika, na kila mwezi katibu atapigiwa simu. Meseji hizo zina gharama, ni kweli, na kikundi kipange bajeti yake mapema. Msimbo uwe wa tarakimu sita, udumu dakika chache, na mfumo ugome baada ya majaribio machache: tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta isiyozuiwa inaimaliza yote kwa muda mfupi.

Kwa viongozi kiwango kiwe cha juu zaidi. Wao wanashika taarifa za wote, hivyo wawe na nenosiri pamoja na msimbo, na afadhali msimbo utoke kwenye programu ya simu kuliko kwenye meseji, kwa sababu ya wale wahamishaji laini. Nenosiri lenyewe lisipewe masharti ya kuudhi. Tangu mwaka 2017 mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unashauri kuacha kulazimisha watu kubadilisha nenosiri kila baada ya muda fulani na kuacha kudai mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama. Ukimlazimisha mtu, anaongeza 1 mwishoni na mwezi ujao anaweka 2. Kilicho muhimu ni urefu, na nenosiri lisiwe miongoni mwa yale yaliyozoeleka. Maneno manne matano ya Kiswahili yasiyohusiana yanakumbukika na ni magumu kubahatisha.

Upande wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nenosiri lisihifadhiwe lilivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ilidukuliwa, na maneno ya siri ya akaunti zaidi ya milioni 32 yakapatikana yakiwa yameandikwa wazi, bila kufichwa hata kidogo. Lililoongoza lilikuwa 123456. Njia sahihi ni kulipitisha nenosiri kwenye hesabu ya upande mmoja, kama bcrypt ya mwaka 1999 au Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015. Kinachohifadhiwa ni matokeo ya hesabu hiyo, ambayo hayageuzwi kuwa nenosiri tena. Huhitaji kuwa fundi kumkagua fundi wako. Bonyeza "Nimesahau nenosiri". Ukitumiwa nenosiri lako la zamani, basi linakaa wazi mahali fulani. Tovuti iliyotengenezwa vizuri hailijui nenosiri lako, kwa hiyo inakutumia kiungo cha kuweka jipya.

Kuna jambo dogo kwenye ukurasa wa kuingilia ambalo mafundi wengi hulipita: maneno ya kosa. Ukurasa ukisema "Namba hii haijasajiliwa", mtu yeyote anaweza kujaribu namba za majirani mpaka ajue nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa madhara yake pengine ni madogo. Kwenye kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mtu ameshatangazwa hali yake ya afya na mashine, kwa jirani, bila ridhaa yake. Andika "Kama namba hii imesajiliwa, utapokea msimbo", iwe imesajiliwa au haijasajiliwa.

Hapohapo ndipo linapokuja swali la taarifa zipi ziombwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinataka uchukue taarifa zinazohitajika tu kwa lengo ulilotaja. Nimeona fomu za vikundi zikidai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa ajili ya kuona tangazo la mkutano. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiichukua umechukua na tarehe ya kuzaliwa, na siku tovuti ikidukuliwa vyote vimeondoka pamoja. Ikihitajika kwa mkataba wa mkopo, ichukuliwe siku ya mkopo.

Ruhusa ndiyo sehemu ambayo vikundi vyetu vina elimu kuliko mafundi. Mfumo huu wa kuweka na kukopa uliasisiwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na kwa kawaida sanduku la pesa lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linatunzwa na mtu wa nne. Hakuna anayefungua peke yake. Tovuti ifuate hivyohivyo. Mweka hazina aingize malipo lakini asiidhinishe mkopo. Mwenyekiti aidhinishe lakini asiweze kufuta rekodi. Katibu apokee wanachama wapya na kubadilisha namba za simu, na kila badiliko liandikwe: nani, lini, kipi kilikuwa na sasa ni kipi. Mwanachama aone vyake. Kinachoharibu yote haya ni akaunti moja ya "admin" ambayo nenosiri lake limetumwa kwenye grupu la WhatsApp la viongozi. Pesa ikipungua, rekodi zote zinasema aliyefanya ni "admin".

Mwenye kitochi asisahaulike. Hawezi kufungua tovuti, na mara nyingi jibu linalotolewa ni katibu kuingia kwenye akaunti ya mwanachama huyo kwa niaba yake. Hapana. Katibu apewe ruhusa ya kuchapa taarifa ya mwanachama akiwa kwenye akaunti yake mwenyewe katibu, ili rekodi ionyeshe ni nani aliyeifungua. Na mwenye kitochi atumiwe salio lake kwa meseji baada ya kila mkutano.

Mwisho wa akaunti upangwe tangu mwanzo. Anayejitoa anafungiwa kuingia, ila rekodi za hisa na mikopo zinabaki kwa kuwa ni hesabu za kikundi. Anayefariki, akaunti yake haipewi mtoto wake kuendelea nayo. Mrithi aliyetajwa kwenye kumbukumbu za kikundi anashughulikiwa na viongozi. Uongozi ukibadilika, ruhusa zihamishwe mkutanoni siku ileile ya makabidhiano, kabla watu hawajatawanyika. Na jina la tovuti, liwe la .or.tz au jingine, lisajiliwe kwa jina la kikundi na kwa barua pepe ya kikundi inayofunguliwa na viongozi wawili, si kwa barua pepe ya fundi.