Je, wajua kwa nini mnyama wa porini aliyelelewa nyumbani "hugeuka" akikua?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii imewaponza wengi waliopeleka nyumbani mtoto wa sokwe au wa simbamarara. Wanamnyonyesha kwa chupa, wanalala naye, anaitika jina lake, nao wanaamini kwamba akikua atakuwa mpole kama mbwa. Miaka michache baadaye anamjeruhi mtu, na nyumba nzima inalia kwamba amegeuka. Hakugeuka. Amekua tu.

Kiini chake ni maneno mawili tunayoyachanganya kila siku: kuzoea na kufugika. Mnyama mmoja mmoja anaweza kumzoea binadamu. Kufugika ni jambo la ukoo mzima, nalo hurithiwa. Mbwa alianza kuachana na mbwa mwitu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na kwa vizazi vyote hivyo walioweza kuishi na watu ndio waliozaa. Mtoto wa simbamarara unayemlea sebuleni hana historia hiyo damuni mwake, hata umpende vipi.

Anayelithibitisha hili kuliko wote ni duma. Watu wamemzoesha na kuwinda naye kwa karne nyingi. Jahangir, mfalme wa Mughal kule India katika karne ya 17, aliandika kwamba baba yake, Akbar, aliwahi kukusanya duma 1,000, lakini hawakuzaliana. Yeye mwenyewe alishuhudia uzao mmoja tu, watoto watatu. Baada ya hapo, uzao mwingine unaojulikana wa duma aliye mikononi mwa watu ulikuja mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia. Maana yake, duma wa wafalme walikuwa wakikamatwa porini, kila mmoja akianza upya. Alizoea, akavishwa ukanda shingoni, akafa, na watu hawakupata kizazi cha kuchagulia wapole.

Kinyume chake kilionekana Novosibirsk, mji wa Siberia huko Urusi. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuzalisha mbweha kutoka mashamba yanayofuga wanyama kwa ajili ya manyoya yao, na katika kila kizazi aliwaruhusu wachache tu wasioogopa watu ndio wazae. Watoto hawakufunzwa chochote, wala hawakubembelezwa. Kufikia kizazi cha nne, baadhi yao walikuwa wakitikisa mkia wakiona mtu anakuja. Baadaye walizaliwa hata wenye masikio yaliyolegea kama ya mbwa. Naliona hili kuwa jibu zito kuliko hoja yoyote: kilichowabadilisha ni uteuzi wa wazazi. Malezi hayakuhusika.

Sasa mwangalie sokwe mtu. Mtoto wake hunyonya kwa miaka minne hata mitano, na muda mwingi wa utoto wake huwa amemng'ang'ania mama. Ndiyo maana anamkumbatia mnunuzi kwa nguvu zile zinazowayeyusha watu mioyo. Mara nyingi mama huyo aliuawa ili mtoto apatikane. Akikaribia miaka kumi anabalehe, anaanza kugombea cheo, na kwa kuwa hana sokwe wenzake, wa kugombea naye ni watu wa nyumbani. Mwaka 2009, huko Connecticut, Marekani, sokwe aitwaye Travis, aliyelelewa na watu tangu mchanga na aliyewahi kuonekana kwenye matangazo, alimrarua rafiki wa mlezi wake, mtu aliyemfahamu. Alikuwa na miaka 13. Polisi walimpiga risasi akafa.

Tatizo jingine ni kwamba hatuijui lugha yao. Kuna lorisi wa Asia, jamaa wa komba, mwenye macho makubwa ya duara. Katika video zinazosambaa anakunwa kwapani, naye anainua mikono juu, watu wanasema anafurahia. Karibu na kiwiko chake kuna tezi inayotoa majimaji. Akiyalamba yakachanganyika na mate, yanakuwa sumu. Kuinua mikono ni kujihami. Wauzaji, ili asiume, humkata meno kwa koleo bila ganzi. Wengi hupata usaha mdomoni, na aliyekatwa meno harudi tena msituni.

Kasuku wa kijivu yeye hajeruhi sana watu; hujijeruhi mwenyewe. Huishi miaka 40 na zaidi, na porini hajui upweke. Akiachwa peke yake kutwa nzima anaanza kunyofoa manyoya, moja, kisha jingine, hadi kifua kinabaki ngozi tupu, kichwani tu akiwa amefunikwa vizuri kwa sababu mdomo haufiki huko.

Basi kwa nini asirudishwe tu porini? Chatu wa Asia waliofugwa kisha wakaachiliwa au kutoroka huko Florida, Marekani, walizaana na kumaliza sehemu kubwa ya wanyama wadogo wa Everglades, eneo la kinamasi la huko. Na sokwe aliyekulia sebuleni hawajui sokwe wenzake. Akipelekwa kwenye hifadhi ya kulelea wanyama waliookolewa, kwanza huwekwa upande wa pili wa wavu ili atazamane na wenzake. Wao wanatoana chawa na kusalimiana kwa miguno. Yeye anakaa kando, akiwatazama wahudumu.