Traveller: uvumi na ukweli kuhusu masharti ya kuingia kazini

Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika katika safari za angani, ilitoka mwaka 1977, kazi ya Marc Miller kupitia kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani. Tangu hapo kuna jambo moja linalowatatiza wachezaji wapya kuliko meli, silaha na ramani za nyota zote zikiwekwa pamoja: nani anaruhusiwa kuingia kazi gani. Mhusika huanza akiwa na miaka 18, hupita mihula ya kazi ya miaka minne minne, na kila muhula humwachia ujuzi, cheo, rafiki, adui au kovu. Akishastaafu, au akishafukuzwa, ndipo mchezo wenyewe wa mezani unapoanza. Kosea sheria ya mlango wa kwanza, na utakuwa umemtengeneza mtu mwingine kabisa.

Hapa nazungumzia matoleo mawili: lile la 1977, na toleo la pili la kampuni ya Mongoose lililotoka mwaka 2016. Sehemu ya mkanganyiko inatokana na watu kusoma la zamani huku wakicheza jipya.

"Imeandikwa Ustahimilivu 5+, mhusika wangu ana 4, basi jeshi halimchukui"

Hili ndilo kosa mama. Ile 5+ inapima dadu, haipimi sifa, yaani zile namba za mhusika kama Ustahimilivu, Akili au Hadhi. Unarusha dadu mbili za pande sita, unajumlisha, unaongeza au unapunguza kile ambacho sifa yako inakupa, kisha unaangalia kama umefika 5. Sifa ya 6 hadi 8 haikuongezei wala haikupunguzii kitu. Ya 9 hadi 11 inakupa nyongeza ya 1, ya 12 hadi 14 nyongeza ya 2. Ukishuka hadi 3, 4 au 5 unakatwa 1, na ukiwa na 1 au 2 unakatwa 2.

Sasa mchukue huyo mwenye Ustahimilivu 4. Anakatwa moja, kwa hiyo dadu zake lazima zilete 6 au zaidi. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 26 yanamwingiza jeshini, yaani asilimia 72. Mwenzake mwenye 7 anahitaji 5, naye ana asilimia 83. Mwenye 10 anahitaji 4 tu, asilimia 92. Mnyonge ana nafasi ndogo kuliko shujaa, sawa, lakini bado ana nafasi nzuri, na mchezaji anayemfuta kwenye karatasi kabla hajarusha dadu anajinyima bure.

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Wengi wanatoka kwenye michezo ya upanga na uchawi, ambako sharti lilikuwa sharti kweli: katika toleo la kwanza la Advanced Dungeons & Dragons, paladini, yule shujaa wa kidini, alitakiwa awe na Mvuto wa 17 au zaidi, na mwenye 16 alitafuta kazi nyingine. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, toleo la Traveller la 1977 lenyewe lina lawama. Jedwali lake la kujiandikisha linaweka namba za aina mbili pamoja. Jeshi la Meli, lile la meli za angani, linataka 8+, hiyo ni ya dadu. Chini yake unaambiwa uongeze 1 kama Akili yako ni 8 au zaidi, na 2 kama Elimu yako ni 9 au zaidi, na hizo ni za sifa. Anayepitisha macho haraka anaona "Elimu 9+" na kudhani ndiyo tiketi ya kuingilia, kumbe ni nyongeza tu.

Nyongeza hizo zinajumlishwa, na hapo mambo yanageuka upande wa pili. Jeshi la Nchi Kavu la 1977 linataka 5+, na linatoa nyongeza ya 1 kwa mwenye Wepesi wa 6 na nyingine ya 2 kwa mwenye Ustahimilivu wa 5. Mtu wa kawaida kabisa anakusanya nyongeza ya 3, na anabaki akihitaji 2. Dadu mbili haziwezi kuleta chini ya 2. Amekwisha ingia.

"Uwinyi ni wa waliozaliwa nao"

Katika toleo la Mongoose, kazi ya mwinyi inadai Hadhi 10+, na hapa watu wanarudia kosa lile lile. Mwenye Hadhi ya 10 au zaidi anaingia moja kwa moja bila kurusha chochote. Wengine wote wanarusha dadu na wanatafuta jumla ya 10. Mwenye Hadhi 9 ana nyongeza ya 1, anahitaji 9, asilimia 28. Mwenye Hadhi 7 ana asilimia 17. Mtoto wa wachimba madini mwenye Hadhi 5 anahitaji 11, na kati ya matokeo 36 ni matatu tu yanayomfaa.

Matatu si sifuri. Kwangu mimi, hao wanaopenya kwa matatu hayo ndio wahusika wa kufaa kukaa nao mezani usiku kucha, kwa sababu lazima mtu aeleze walivyofika huko. Ni ndoa? Ni hati za kughushi? Ni mwinyi mzee asiye na mrithi aliyempenda kijana wa karakana? Sheria haijibu. Inamwachia mchezaji na msimamizi wa mchezo swali tamu.

"Huwezi kuwa rubani kama hujui urubani"

Kinyume chake. Katika Traveller ujuzi unatoka kazini, hautangulii. Unaingia Jeshi la Meli hujui kitu, na muhula wa kwanza wa kazi yako ya kwanza unakupa mafunzo ya awali: ujuzi wote wa msingi wa jedwali la kazi hiyo katika ngazi ya 0, ile ya mwanzo kabisa. Ukihamia kazi nyingine baadaye, mafunzo hayo yanakupa ujuzi mmoja tu, jambo ambalo wanaopenda kurukaruka kati ya kazi hulisahau mpaka karatasi iwaumbue.

Vivyo hivyo shahada. Msomi hahitaji kuwa amepita chuo kikuu. Aliyehitimu anapata nyongeza ya 1 anapoomba baadhi ya kazi, zikiwemo za msomi, skauti (mpelelezi wa anga zisizojulikana) na Jeshi la Meli, na aliyehitimu kwa heshima anapata 2. Chuo chenyewe kinapokea watu katika mihula mitatu ya kwanza pekee, na kadiri unavyochelewa ndivyo mlango unavyobana.

"Ukikataliwa, unarusha tena"

Hapana. Unakubali matokeo, na matokeo yenyewe ni sehemu ya maisha ya mhusika. Katika toleo la 1977, aliyekataliwa anaandikishwa kwa lazima: anarusha dadu moja, na namba inamwambia anakokwenda, kuanzia Jeshi la Meli hadi kundi la "wengineo". Ndiyo, unaweza kukataliwa na Jeshi la Meli asubuhi na jioni ukaburutwa kuingia Jeshi la Meli lile lile. Tofauti ni kwamba aliyeburutwa haruhusiwi kuomba uafisa katika muhula wake wa kwanza.

Katika toleo la Mongoose una hiari: uandikishwe kwa lazima, jambo linaloruhusiwa mara moja tu maishani, au uwe mzururaji. Uzururaji haukatai mtu. Wapo wanaouchagua kwa makusudi, na hawajakosea.

"Sifa iliyonifungulia mlango ndiyo itakayonilinda ndani"

Hapa ndipo wahusika wengi wanapofia, na kwa toleo la 1977 namaanisha kufa kweli. Ukishindwa urushaji wa kunusurika, ule unaofanywa kila muhula, katika sheria za awali, mhusika anakufa kabla mchezo haujaanza, na unachukua karatasi mpya.

Tazama skauti wa 1977. Kujiandikisha kunataka 7+, kukiwa na nyongeza kwa mwenye Akili ya 6 na kwa mwenye Nguvu ya 8. Mtu mwenye akili na misuli anaingia akipiga mluzi. Lakini kunusurika nako kunataka 7+, na nyongeza ya pekee, ya 2, anapewa mwenye Ustahimilivu wa 9 au zaidi. Ile Akili na ile Nguvu zilizombeba mlangoni hazimsaidii tena hata kidogo. Bila nyongeza hiyo ana asilimia 58 ya kumaliza muhula mmoja. Mihula mitatu mfululizo? Mmoja kati ya watano hivi. Mwenye Ustahimilivu 9 yuko karibu na asilimia 58 kwa mihula yote mitatu.

Na dhihaka iliyomo ni hii: kuruhusiwa kubaki katika uskauti kunahitaji 3+ tu. Wanakupenda sana, wanataka uendelee, na kazi inakuua. Watu bado wanakwenda kwa sababu skauti anaweza kuondoka na meli ya kutumia.

Mongoose walilegeza adhabu, ila utaratibu wa sifa tofauti ukabaki. Skauti mvumbuzi anaingia kwa Akili 5+, ananusurika kwa Ustahimilivu 7+, na anapanda cheo kwa Elimu 7+. Sifa tatu, milango mitatu. Ukishindwa kunusurika hufi. Unapata mkosi, mara nyingi unaondolewa kazini, na wakati mwingine unabaki na jeraha au adui. Kwa hiyo anayechagua kazi kwa kusoma mstari wa kuingilia pekee amesoma theluthi moja ya mkataba.

Kutoka nako kuna sheria zake. Katika toleo la 1977, ukipata 12 kwenye dadu za kuendelea, hutoki hata kama ulishafunga mizigo. Katika Mongoose, urushaji wako wa kupanda cheo ukileta jumla isiyozidi idadi ya mihula uliyokaa katika kazi hiyo, unatolewa.

"Jeshi litanisubiri, ngoja kwanza nizunguke"

Halisubiri. Toleo la 1977 linakuruhusu kazi moja tu, na likaishia hapo. Mongoose wanakuacha uhame utakavyo, lakini kila kazi uliyopitia inakukata 1 unapoomba mpya. Jeshi la Nchi Kavu na Marini, wale askari wa kuvamia meli za adui, wanakukata 2 zaidi ukiwa na miaka 30 au zaidi. Jeshi la Meli linafanya hivyo kuanzia miaka 34.

Hesabu yake inauma. Kijana wa miaka 18 mwenye Ustahimilivu 7 anaingia Jeshi la Nchi Kavu kwa asilimia 83. Mwache azunguke mihula mitatu katika kazi mbili, aje na miaka 30: anakatwa 2 kwa zile kazi, na 2 kwa umri. Sasa dadu zake lazima zilete 9, asilimia 28. Mwili wake haujabadilika hata kidogo; sheria za uzee zinaanza kumgusa akiwa na miaka 34.

"Basi hakuna sharti lisilovukika"

Baada ya kuelewa haya yote, watu wengine huangukia upande huu, nao wanakosea. Kuta zipo, ila ziko mahali ambapo wengi hawaangalii.

Moja iko ndani ya jeshi. Uafisa katika Mongoose unaombwa kwa Hadhi 8+ katika muhula wa kwanza wa kazi ya kijeshi. Ukikosa, huruhusiwi kujaribu tena mihula inayofuata isipokuwa Hadhi yako ni 9 au zaidi. Hiyo 9 ni ya sifa kweli, iliyoandikwa kwenye karatasi yako, na dadu haziigusi. Kapteni mwenye Hadhi 6 aliyeanza kama askari wa kawaida basi alibahatika mapema sana.

Nyingine ni gereza, ambalo toleo hilo linalihesabu kama kazi yenye jedwali lake. Huombi kuingia. Unapelekwa.

Na ya tatu ni kazi ya wenye nguvu za akili, wanaosoma mawazo na kusogeza vitu bila kuvigusa. Hii ina masharti mawili yaliyopandana. Kwanza lazima upimwe uonekane una kipaji chenyewe, na kipimo ni dadu mbili ukiondoa idadi ya mihula uliyokwisha tumikia. Halafu unarusha kuingia, 6+, kwa kutumia kipimo hicho. Aliyepimwa akiwa na miaka 18 anapata 7 kwa wastani na ana asilimia 72 ya kukubaliwa. Aliyepimwa baada ya mihula mitano anapata 2 kwa wastani, anakatwa 2, tena anakatwa kwa kazi alizopitia. Na kama kipimo kimeangukia sifuri, hakuna dadu itakayomwokoa. Aidha, katika ulimwengu rasmi wa mchezo, ule wa Imperiamu ya Tatu, nguvu hizi zimepigwa vita na dola yenyewe, kwa hiyo muulize msimamizi wako kama anaziruhusu kabla hujaanza kurusha chochote.