Kipara na upele usiosikia dawa: maswali ya mlezi, majibu ya daktari wa mifugo

Dada mmoja wa Dar es Salaam alimwokota mtoto wa mbwa nyuma ya soko, kichwa kitupu bila manyoya, akamwita Kipara. Baada ya wiki sita za kuhangaika alimleta kwangu. Mbwa alikuwa na umri wa miezi minne hivi, uzito kilo tatu, na dada ameandika maswali yake kwenye daftari. Nayatoa hapa kwa kuwa ndiyo yale yale ninayoulizwa na karibu kila anayelea mbwa wa kuokota.

Daktari, nimemwogesha sabuni ya dawa, nimempaka mafuta ya nazi, amechomwa sindano mbili. Mbona manyoya bado yanapukutika?

Kwa sababu hakuna aliyejua anatibu nini. "Upele" kwetu ni neno moja linalobeba magonjwa manne au matano, na dawa ya huu siyo ya ule.

Kwa mbwa mchanga, wa kwanza ninayemshuku ni utitiri uitwao demodeksi. Ni mdogo hauonekani kwa macho, mwembamba kama kijiti, na unaishi ndani ya vitundu vinamoota manyoya. Karibu kila mbwa anao. Mama humpa mwanawe siku za mwanzo za kunyonya, kisha kinga ya mwili huudhibiti usizidi. Mtoto aliyekonda, mwenye minyoo, aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati, kinga yake huzidiwa. Manyoya huanza kutoka kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo na miguu ya mbele, na cha ajabu ni kwamba mwanzoni hawashwi sana. Mabaka mawili matatu kwa kawaida hupona yenyewe bila dawa. Yakienea mwili mzima, hapo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Wa pili ni utitiri mwingine, sakoptesi, na huyu ndiye mwenye muwasho wenyewe. Huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mbwa hali, halali, kazi yake kujikuna. Tazama kingo za masikio, viwiko na tumbo. Nina jaribio dogo la kizamani: nasugua ukingo wa sikio kwa vidole, na mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, shaka yangu inakuwa kubwa. Kuna pia mashilingi, ambayo ni fangasi, na viroboto, ambao huharibu zaidi mgongo kuelekea mkia.

Utajuaje ni upi?

Kwa kukwangua. Nalibana baka kwa vidole, nakwangua kwa wembe uliotiwa tone la mafuta mpaka damu ichomoze kidogo, halafu natazama kwa hadubini. Demodeksi huonekana bila taabu. Sakoptesi ni mjanja, mara nyingi hukwanguliwa asionekane, kwa hiyo dalili zake zikiwa wazi tunamtibu hivyo hivyo. Anayechoma sindano bila kukwangua anabahatisha, hata kama ni mwenzangu wa kazi.

Kipara alikuwa na demodeksi tele, na juu yake bakteria waliomletea usaha na harufu.

Mimi na mwanangu tutaambukizwa?

Demodeksi ya mbwa haimsumbui binadamu. Sakoptesi inaweza kukutoa vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, ila haiwezi kuendeleza kizazi chake kwako. Mbwa akitibiwa, nayo huisha. Mashilingi ndiyo inayowapata watoto kwa urahisi. Mwanao akitokwa na duara lenye magamba, mpeleke zahanati na useme kwamba nyumbani kuna mbwa.

Jirani anasema nimpake oili chafu ya gari, au nimwogeshe dawa ya josho.

Oili chafu, hapana kabisa. Mbwa hujilamba, na akijilamba anaimeza pamoja na madini ya injini. Nyingine hupenya kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Dawa ya josho ina hadithi ndefu kidogo. Amitrazi, mojawapo ya dawa za kuogeshea ng'ombe, ni kweli imetibu demodeksi kwa miaka mingi, ndiyo maana ushauri wa jirani haukutoka hewani. Lakini ile ya dukani ni kali, huchanganywa na maji mengi kwa kipimo maalumu, na ikizidi mbwa hulegea na mapigo ya moyo hushuka. Kwa kukadiria na kifuniko cha chupa, usijaribu.

Na zile sindano mbili?

Dada alikuwa na kichupa, nikakisoma: ivermektini ya ng'ombe, miligramu 10 kwa kila mililita. Mililita 1 ya dawa hiyo imepimwa kwa kilo 50 za ng'ombe. Piga hesabu kwa mbwa wa kilo tatu, utaona tunazungumzia tone. Ikizidi, mbwa hutoa udenda, huyumba, hutetemeka, hata kupoteza fahamu, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye damu ya Collie au ya baadhi ya German Shepherd, kwa kuwa miongoni mwao wapo waliorithi kasoro inayoiruhusu dawa kuingia kwenye ubongo. Tena sindano mbili hazimalizi demodeksi. Daktari akiamua kutumia ivermektini kwa ugonjwa huu, huitoa kila siku kwa wiki nyingi, akipandisha kipimo taratibu huku akimwangalia mbwa.

Dada alikuwa pia na krimu ya binadamu ya "kutuliza muwasho". Nyingi ya hizo zina steroidi, na steroidi hushusha kinga ileile tunayoililia.

Sasa Kipara atatibiwa kwa nini?

Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, dawa za kuua viroboto, kupe na utitiri. NexGard, kwa mfano, hupewa mbwa kuanzia wiki nane na kilo mbili, kila mwezi. Bei inauma, sikufichi, na mbwa aliyewahi kupata degedege lazima daktari aambiwe kwanza. Kwa bakteria tulitumia shampuu ya klorheksidini: povu likae mwilini dakika 10 kwa kutazama saa, siyo kwa kukisia, ndipo asuuzwe. Sabuni ya kufulia iache kwa nguo.

Halafu dawa ya minyoo, na chakula. Manyoya ni protini. Ugali mtupu hauoti manyoya. Changanya na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa.

Wiki ya saba manyoya yameota. Naweza kuacha dawa?

Hapa ndipo ugonjwa unapopata sifa ya "usugu". Manyoya hurudi utitiri ukiwa bado umo vitunduni, mwenye mbwa anafurahi, anaacha, na miezi miwili baadaye wanarudi wote wawili wamekunja uso. Tunaendelea mpaka vipimo viwili vya kukwangua, vilivyopishana mwezi mmoja, visionyeshe utitiri wowote.

Chanjo je? Na akikua azae?

Ya kichaa cha mbwa ilishampasa tangu alipotimiza miezi mitatu, kwa hiyo tulimchoma alipopata nguvu kidogo. Kuzaa, hapana, udhaifu wa kinga unaoruhusu demodeksi kuenea mwili mzima hurithiwa, na kwa jike ugonjwa huweza kurudi kila apatapo joto la kutaka dume. Kipara ni jike, kwa hiyo tumepanga kumfunga kizazi, lakini baada ya kipimo cha pili. Cha kwanza kimetoka safi Jumatatu.